Miguu ya Wifi

Pale Kilindoni, kisiwani Mafia, posa ikishakubaliwa na siku ikapangwa, watu walitafuta vitu viwili kabla ya vingine vyote: ukumbi, na Umi. Umi ndiye aliyemsugua bibi harusi singo kutoka shingoni mpaka nyayoni, akamfukiza udi, akamchora hina na piko mpaka mwenyewe akajishangaa kwenye kioo. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa alikuwa anaingia arobaini na nane. Miguu ya wasichana iliyopita mikononi mwake haikuwa na idadi. Aliweza kukwambia, kwa kugusa kisigino tu, huyu amekulia shambani, huyu amekulia dukani kwa baba yake, huyu kaanza kuvaa viatu vya visigino juzi.

Miguu yake mwenyewe hakuna aliyeijua.

Mambo yalianza kwenye mimba ya tatu. Mstari wa buluu ulijitokeza upande wa ndani wa goti la kulia, ukashuka ukipindapinda mpaka kwenye shavu la mguu. Wazee walimwambia akijifungua utaondoka. Alijifungua, haukuondoka. Mimba ya nne ikauletea wenzake. Kadiri miaka ilivyokwenda mishipa ile ilituna, ikajikunja, ikafanya vinundu vya kijani na zambarau, na kazi yenyewe ikawa inaichochea: saa sita, saa saba kwa siku amesimama amemwinamia mtu, hasogei. Jua likizama miguu ilikuwa mizito kana kwamba amefungiwa mawe. Juu ya kifundo cha mguu wa kulia ngozi iligeuka ya kahawia iliyokolea, kavu, yenye kuwasha, naye akawa anaikuna mpaka inachubuka.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomwingia moyoni kikakaa ni neno moja la mumewe.

Shaibu alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Siku moja, miaka kumi nyuma, Umi alikuwa ameketi uani anachambua mchele, gauni limepanda kidogo. Shaibu akamtupia jicho, akasema kama mtu anayesema mawingu yanakuja:

"Mama Ally, miguu yako imekuwa kama mizizi ya mkoko."

Akacheka kidogo, akamalizia chai yake. Na kabla kikombe hakijatua chini, mlango wa ua ukafunguka, akaingia Nasma.

Nasma alikuwa dada yake Shaibu, na nyumba zao zilitengwa na ua wa makuti tu. Yeye na Umi walizaliwa mwaka mmoja, wakaolewa mwaka mmoja. Nasma alikuwa na shamba la mwani, na siku hiyo alikuwa anatoka huko, gauni amelipania mpaka magotini, maji ya chumvi yanamtiririka. Miguu ile! Mirefu, laini, imenyooka, haina hata doa la mbu. Alikuwa ameshazaa watano, mmoja zaidi ya Umi.

"Dada yangu wewe huzeeki," Shaibu akasema, akaondoka zake kazini.

Alisahau maneno yote mawili kabla hajafika njia kuu. Umi hakusahau hata moja. Tangu siku hiyo alivaa soksi ndefu za kijana wake wa sekondari, akaoga mlango ukiwa umefungwa kwa komeo na kamba, akalala na suruali ndani ya gauni. Shaibu alipouliza, aliambiwa ni baridi. Mafia, baridi!

Na ndipo alipoanza kumtazama Nasma. Alimtazama kupitia matundu ya ua wakati Nasma akifua. Alimtazama akichuchumaa kukuna nazi, akiruka dimbwi, akinyoosha miguu barazani na kutikisa vidole bila habari ya mtu. Siku Nasma alipojigonga kwenye jiwe akapata jeraha la goti, Umi alimpelekea maji ya moto na pole nyingi, akarudi nyumbani akapika kwa furaha siku tatu nzima. Siku ya nne jeraha lilianza kufunga na chakula hakikumshuka.

Alikwenda kwa bibi mmoja mtazamiaji ambaye watu walimsifu. Yule bibi akamshika kiganja, akafumba macho, akasema, "Una mtu wa karibu anakutazama kwa kijicho."

Hakutaja jina. Umi hakuhitaji jina. Alirudi na yakini moja: Nasma ndiye aliyemharibia miguu. Angewezaje kuwa na miguu kama ile kwenye umri ule kama hajachukua ya mwenzake? Ikawa akiletewa wali na wifi yake anausomea bismillahi mara tatu kabla ya kutia mkono, na wakati mwingine anawamwagia kuku. Mbele za watu, lakini, walikuwa wifi na wifi. Walikopeshana chumvi, walizikana, walicheka. Nasma hakujua lolote, au ndivyo Umi alivyodhani.

*

Faraja, binti wa kwanza wa Nasma, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na sita. Alipochumbiwa na Ukasha, kijana wa Kisiwa cha Bwejuu anayeendesha boti ya watalii, Nasma alivuka ua akiwa na upande wa kanga mpya.

"Wifi, mwanangu namleta kwako. Mpambe kama ungempamba wako."

Umi akaipokea kanga kwa mikono miwili. Angesemaje hapana?

Siku mbili kabla ya nikaha alimlaza Faraja juu ya mkeka katika chumba cha ndani, akamfunika kanga, akaanza kumsugua. Mikono ikamaliza mgongo, ikashuka. Alipofika mguu wa kushoto, vidole vyake vikasimama vyenyewe. Nyuma ya goti kulikuwa na mshipa wa buluu umejichomoza, unene wa uzi wa kushonea mkeka, na chini yake, kwenye shavu la mguu, vijishipa vyekundu na zambarau vimetandaa kama utando wa buibui.

Faraja aliuhisi ule utulivu wa vidole. Akaficha uso kwenye mkono.

"Mkaza mjomba, umeona."

"Nimeona."

"Vimeanza mwaka jana. Nasimama darasani tangu saa moja na nusu mpaka saa tisa, jioni panauma. Mama hajui. Naomba usimwambie mtu. Wewe ni fundi, huwezi kuvifunika?"

Umi alitaka kumhurumia. Alikuwa na kila sababu ya kumhurumia. Pale pale chini ya gauni lake, shavu la mguu wake mwenyewe lilikuwa linapwita. Lakini kilichopanda kifuani mwake kilikuwa kitu kingine, kitamu, cha moto, kama mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri zamu yake. Kwa hiyo imefika. Imeingia nyumbani kwa Nasma.

"Nitavifunika, mwanangu," alisema. "Lala."

Akachora maua ya piko tangu kifundoni mpaka nyuma ya goti, matawi na majani, akipitisha shina juu ya mshipa na kutawanya petali juu ya ule utando. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Faraja alijitazama kwenye kioo, akambusu mkono.

Alasiri ile wanawake walikuwa wamejaa uani kwa Nasma wanamenya vitunguu na kuchambua viungo vya pilau. Umi alitoka chumbani akiwa na beseni lake, mgongo unamuuma, miguu inawaka. Nasma alikuwa akipita na sufuria kichwani, gauni kalipania. Jirani mmoja akapiga kofi hewani:

"Mtazameni huyu, mama wa bibi harusi! Miguu ya mama na miguu ya mwana, hujui yupi anaolewa!"

Wote wakacheka. Umi naye alicheka. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Ya mama sawa. Ya mwana ningewaonesha nyuma ya goti kabla hamjasifu. Piko inafanya kazi nyingi, jamani."

Kicheko kikakatika vipande vipande. Mmoja akauliza ana maana gani. Umi akasema, "Mishipa," akajitia kuosha beseni. Alikuwa amesema maneno yasiyozidi ishirini, na kwa muda wa pumzi moja miguu yake haikumuuma hata kidogo.

Maneno yale hayakulala. Kesho yake asubuhi yalikuwa yameshavuka maji hadi Bwejuu, na kila aliyeyabeba aliyaongezea chumvi. Kufikia adhuhuri bibi harusi alikuwa na ugonjwa wa mishipa. Kufikia alasiri ugonjwa wenyewe ulikuwa wa damu, na mwanamke mwenye ugonjwa huo hazai. Biubwa, shangazi yake Ukasha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, aliteremka kwenye mashua, akapanda bodaboda hadi kwa Nasma, akakataa hata maji ya kunywa.

"Nimekuja kuuliza, sikuja kugomba. Mtoto mzima au mgonjwa?"

"Mtoto mzima," Nasma akajibu.

"Basi ya mishipa ni yapi?"

Nasma alikuwa hajui ya mishipa ni yapi. Akaingia ndani kumuuliza mwanawe, na Umi, aliyekuwa anatwanga iliki jikoni, akasikia kilio cha Faraja kupitia ukutani. Halikuwa jambo la kelele. Mtoto wa kike alikuwa analia kwa kujiziba mdomo. Nasma alipotoka, macho yake yalipita kwa kila mwanamke aliyekuwa jikoni, yakafika kwa Umi, yakakaa hapo kidogo, yakaendelea. Umi akaendelea kutwanga.

Ukasha mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alipiga simu, akamwambia shangazi yake kwamba yeye anaoa mtu, haoi mguu, na nikaha iko pale pale. Biubwa akarudi kwenye mashua. Lakini watu wa Bwejuu walijiandaa kuja harusini kwa nyuso za matanga.

*

Asubuhi ya nikaha Umi aliingia bafuni kwa Nasma na ndoo ya maji ya moto. Hakuwa amelala. Kifundo kilimwasha kuliko siku zote, na palikuwa na singo lililobaki kwenye bakuli. Akaketi kwenye kigoda, akatumbukiza miguu katika beseni la maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha akaanza kujisugua pale penye ngozi ya kahawia kwa nguvu zote, kama anayetaka kukifuta kitu.

Hakusikia maumivu. Aliona tu ukuta una madoa. Akatazama chini, kutoka juu ya kifundo chake damu ilikuwa inaruka kama maji ya bomba lililotoboka, nyembamba na mfululizo. Akasimama kwa mshtuko, na kule kusimama kukaizidisha. Akajaribu kufunga kanga chini ya goti, akavuta fundo, damu ikazidi. Sakafu ya saruji ikawa inateleza. Alisikia masikio yakiziba, akapiga ukelele ambao kwake ulikuwa mdogo sana.

Komeo liling'oka. Aliyeingia alikuwa Nasma, na gauni lake jipya la harusi.

"Lala chini! Lala, wifi, usisimame!"

"Nitachafua..."

"Lala!"

Akamlaza juu ya sakafu yenye maji, akaifungua ile kanga iliyobana, akaunyanyua mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaukunja upande wa kanga yake mwenyewe na kuubandika pale penye tundu, kisha akakandamiza kwa viganja vyote viwili. Damu ikapungua, ikatulia. Wanakikundi wa mwani walikuwa wamefundishwa huduma ya kwanza mwaka uliopita, kwa ajili ya waliokatwa na chaza, na Nasma alikuwa hajasahau hata hatua moja.

Mguu wote ulikuwa wazi mbele yake, tangu pajani mpaka chini, na vinundu vyake na mikunjo yake yote. Miaka kumi ya soksi na makomeo ilikwisha hapo. Nasma aliutazama muda mrefu, viganja bado vimekandamiza.

"Nimelisema mimi," Umi akanong'ona. "La Faraja. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu jana. Usiongee. Nikisogeza mkono utamwaga tena."

Hospitali ya wilaya haikuwa mbali, lakini Nasma hakukubali Umi aketishwe. Alimpakia nyuma ya bajaji amelala kwenye kiti, mguu juu ya mapaja yake, mikono haijabanduka. Walimpokea, wakasafisha, wakafunga bandeji ya kubana, wakamtundikia maji. Nasma hakuondoka. Saa zilikwenda. Umi alimwambia arudi, ana mtoto wa kuozwa. Nasma akasema atarudi chupa ya maji ikiisha. Kabla haijaisha, simu yake ikalia, na kutoka humo vikafumuka vigelegele: nikaha imesomwa, na mama wa bibi harusi ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha wodi, gauni lake la rangi ya maziwa lina damu ya wifi yake mpaka kiunoni. Nasma akapiga kigelegele kimoja chembamba, wagonjwa wakageuka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Na Umi, amelala pale, mguu juu, alihisi nini? Angependa kusema alihisi shukrani. Ilikuwepo. Lakini juu yake alikisikia kile kidudu cha siku zote kikijipindua: hata wema, huyu kaushika yeye. Hata wema hakuniachia.

*

Daktari alikuwa kijana anayeitwa Hafidhi, mwenye miwani na sauti ya taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaufungua mguu, akaukagua kwanza amelala, kisha akamsimamisha dakika moja akautazama tena, akagusa mapigo ya damu juu ya unyayo.

"Mama, damu kushuka miguuni ni rahisi. Kupanda kurudi moyoni ndiyo kazi. Ndani ya mshipa mna vilango vidogo. Vinafunguka damu ipite, vinajifunga isirudi chini. Vyako vimelegea. Damu inapanda, inarudi, inatuama, mshipa unatanuka, na ngozi ya juu inakuwa nyembamba na kuwasha. Uliposugua, ukapasuka."

"Nani kavilegeza?"

"Siyo nani. Mimba, kusimama muda mrefu bila kutembea, uzito, umri. Na kurithi."

Umi akatazama dirishani. Nasma alikuwa ametoka kununua maji, kwa hiyo aliuliza.

"Haiwezi kuwa mtu? Mtu wa kijicho?"

Hafidhi hakucheka. "Mama yako mzazi alikuwa na miguu ya namna gani?"

Swali gani hilo. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kiegeani, mlima mpunga, miguu yake ilikuwa... Miguu ya mama yake hakuwahi kuiona. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba mama aliketi kitandani, akajiviringisha vipande vya kanga kuukuu tangu vifundoni mpaka magotini, akavuta kwa nguvu. Umi akiwa mtoto alidhani ni kwa ajili ya miiba. Na jioni mama alilala chini, miguu ameitegemeza ukutani, akisema mgongo unamuuma.

"Alikuwa anaifunga," akasema polepole. "Kwa vitambaa. Kabla hajashuka kitandani."

"Basi alikuwa anajitibu bila daktari," Hafidhi akasema.

Umi akajifunika uso kwa mtandio. Miaka kumi alimchukia mtu kwa kitu alichopewa na mama yake.

Daktari alimweleza mengine, naye aliyashika kama alivyoyashika mafunzo ya hina alipokuwa kijana. Asitumbukize miguu katika maji ya moto, asichue mishipa kwa mafuta ya moto, asikune. Ngozi aipake mafuta ya kawaida isikauke. Akifanya kazi aketi kwenye stuli, na kila baada ya muda anyanyuke atembee, au ainuke kwa vidole na kushuka, maana shavu la mguu ndilo pampu inayosukuma damu juu. Atembee kila siku. Akipumzika, miguu iwe juu kuliko kifua. Soksi za kubana atapimiwa, asinunue kwa kukadiria, na zivaliwe asubuhi kabla ya kukanyaga chini. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, asingoje kesho, huenda damu imeganda ndani. Halafu akamwandikia barua ya kwenda Dar, akapigwe picha ya ultrasaundi, waamue kama watauziba ule mshipa mbovu.

"Wauzibe? Damu ipite wapi?"

"Ipo mingine ya ndani, mizima. Inabeba kazi yote."

*

Siku ya saba, fungate ilipokwisha, wanawake wa pande zote mbili walikusanyika katika nyumba aliyopanga Ukasha. Biubwa alikaa juu ya zulia kama hakimu. Faraja alikuwa amevaa sketi ndefu na soksi. Umi aliziona zile soksi tangu mlangoni.

Hakuwa amealikwa. Aliingia akichechemea, akatoa salamu, hakuketi.

"Neno la Faraja nililisema mimi," akasema. "Nililisema kwa kijicho. Wala si yeye niliyemuonea, ni mama yake. Mtoto hana ugonjwa wa damu, wala hana ugonjwa wa kumzuia kuzaa. Ana hiki nilichonacho mimi, na kwake bado ni kidogo, kinazuilika."

Kisha mwanamke huyu ambaye mumewe wa miaka ishirini na minane hakuwa ameiona miguu yake kwa miaka kumi, alishika pindo la gauni akalipandisha mpaka juu ya magoti. Bandeji kifundoni, na juu yake kila kitu.

"Kwa miguu hii nimezaa wanne. Wawili nimewazaa baada ya kuwa hivi."

Biubwa alitazama mguu wa kulia, akatazama wa kushoto.

"Funika," akasema. "Tumeona."

Lakini Umi alipokuwa anavaa ndala mlangoni, Biubwa alimfuata, akasimama karibu sana naye, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyemdhania anayo: huyo daktari aliyemtibu mguu anakaa chumba gani, na siku zake ni zipi?

Faraja hakumwangalia Umi siku ile, wala miezi minne iliyofuata. Umi alipomlalamikia Nasma, Nasma alikuwa anaanika mwani, hakuinua kichwa.

"La kwangu nimekusamehe, wifi. La Faraja si langu kulisamehe."

Dar alikwenda na Shaibu. Umi alipigwa picha, na Shaibu akaoneshwa kwenye skrini damu inavyopanda na kuporomoka, akaelewa upesi kuliko mkewe. Ilikuwa kama vali ya pampu iliyoisha, alisema. Umi akachomwa sindano za dawa ya povu katika mshipa ule mkubwa, siku moja tu, akatoka anatembea. Daktari wa huko aliwaambia wazi kwamba huo umezibwa, ila mingine inaweza kujitokeza huko mbele, kwa hiyo soksi na kutembea visiachwe. Njiani kurudi, Umi alimkumbusha mumewe lile neno la mizizi ya mkoko.

Shaibu akakunja uso, akafikiri. "Mimi nilisema hivyo? Lini?"

Umi akageukia dirisha, akacheka mpaka machozi.

Mwezi wa tano wa ndoa, Faraja alipita mlango wa ua. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Akasema shikamoo, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, akatoa soksi za kubana mpya kutoka kwenye mfuko, akanyoosha miguu. Ule mshipa ulikuwa umenenepa.

"Haziingii," akasema. "Nimehangaika nusu saa."

Umi akazigeuza soksi ndani nje mpaka kisiginoni, akaingiza vidole kwanza, akapandisha kidogo kidogo, akilainisha kila mkunjo. Soksi ya pili ilipofika mahali pake, Faraja akasema, "Asante, mkaza mjomba," na yakaishia hapo.

Siku hizi, alfajiri ikishapambazuka vizuri, wanawake watatu hutoka kutembea. Hushika njia inayopakana na uwanja wa ndege, huzunguka mpaka sokoni, hurudi. Faraja hukaa katikati na tumbo lake. Nasma, ambaye hahitaji kutembea kwa ajili ya lolote, hutangulia daima, gauni kalipania, miguu inang'aa kwa umande. Umi humtazama kwa nyuma. Bado inamchoma; hajawahi kumdanganya mtu kwamba imekwisha.

"Wifi!" humwita. "Teremsha gauni hilo, unaniudhi!"

Nasma hucheka bila kugeuka, hukaza mwendo, na Umi hukaza wake.